Safu za Siku Mbaya

Wajukuu wangu wana ugonjwa mpya. Wanaamka, wanakaa ukingoni mwa kitanda, nyuso zimewashuka, wanasema hawana mudi. Basi, siku imekwisha hapo hapo. Wataingoja hiyo mudi hadi jua la saa nane na mihogo iko shambani inawatazama, na jioni watasema kesho. Mmoja wao, ambaye amesoma, aliniuliza kwa adabu kabisa: babu, zamani mlikuwa mnafanyaje siku ambazo mwili umekataa? Nikamjibu kwamba zamani mwili haukuwa na ruhusa ya kukataa. Akacheka, akaona babu yake ni chuma. Nilimdanganya mtoto wa watu, na nilifanya hivyo kwa sababu ukweli unanipaka tope.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla nyuzi za nailoni hazijafika ziwani Mweru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevuka kutoka upande wa Kongo, na nimeoa Nchelenge. Kuoa kwa ukoo ule hakukuwa kutoa mali na kuondoka na mtu. Unahamia kwa wakwe. Unajenga kibanda ukingoni mwa ua wao, unawalimia, na juu ya yote unasuka wavu. Wavu mzima, kwa mikono yako mwenyewe, uzi wa pamba, kuanzia fundo la kwanza hadi la mwisho. Ukikamilika unatiwa majini mbele ya watu. Ukishika samaki na kurudi mzima, mama mkwe anapika, mnakula, na ndipo unaruhusiwa kumchukua mke wako kwenda kwako.

Mpaka siku hiyo, mama mkwe huongei naye. Humtazami. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini kama mwizi wa kuku hadi apite. Nilikaa katika ua ule nikijua sauti yake, kikohozi chake na mwendo wake, lakini uso wake ningeupita sokoni nisiujue.

Kwangu kulikuwa Kabuta, mwendo wa baiskeli tu kutoka pale. Kaka yangu, aliyetangulia kuvuka, alikuwa amenipa kiwanja ufukweni, nikasimamisha kuta nne za udongo, bado paa. Mke wangu aliwahi kuja kuziona mara moja. Aliingia ndani, akasimama mahali ambapo jiko lingekaa, akatazama juu, akaona mawingu. Tangu siku hiyo alikuwa ananiuliza kila jioni wavu umefika wapi. Nami niliitaka ile nyumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilichoka kula mezani kwa watu na kukohoa kabla ya kutoka mlangoni.

Sasa nimtaje baba mkwe. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Kasenga, ng'ambo upande wa Kongo, kwenye bilo, yaani ofisi, ya wanunuzi wa samaki, na kwa hiyo nyumba yake ilizungumza Kiswahili cha kule, jambo lililoniokoa kwa sababu Kibemba changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Aliporudi ziwani akawa msukaji wa nyavu. Nasema msukaji kwa heshima ya kazi, maana yeye mwenyewe nilimdharau tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi alitoka, akaketi barazani, akachukua sindano ya mti na kibao cha kupimia macho ya wavu, akasuka safu moja. Safu ina mafundo hamsini hivi. Kijana mwenye mikono anaimaliza kabla chai haijapoa. Yeye ilimchukua hadi umande ukauke, na akiimaliza ananing'iniza sindano ukutani, anajilaza juu ya mkeka, anautazama ukuta. Kesho yake tena safu moja. Sikupata kumwona akisuka mbili.

Tena hata hiyo moja hakuisuka kwa mkupuo. Alikuwa na mazoea ya kuinuka katikati, anakwenda nyuma ya nyumba, anakaa huko muda mrefu, anarudi ameshika kiuno na jasho usoni kana kwamba ametoka kupasua kuni. Siku moja nilimwambia mke wangu kwamba baba yake anakojoa ili asisuke. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchicha. Nilidhani amekosa la kumtetea.

Mimi nilikuwa mtu wa namna nyingine. Nikiamka na nguvu nasuka safu kumi, kumi na mbili, uzi unalia kwenye kibao, na wapita njia wanasimama kuangalia. Nilipenda wasimame. Leo vijana wanaiita nguvu ya soda, na wanaiita vizuri, maana baada ya siku tatu nne za namna hiyo nilikuwa naamka mtu mwingine. Kichwa kizito, magoti ya pamba, mikono imelala ingawa mimi nimeamka. Wakati mwingine ilikuwa homa. Mara nyingi haikuwa kitu, ulikuwa mwili tu umefunga duka.

Sasa siku hizo ungefanya nini, uko ukweni, watu wanakutazama? Unajikaza kisabuni. Nilijikaza. Jumapili mhubiri alitufundisha habari za chungu, mdudu anayefanya kazi bila msimamizi, nami nikatoka kanisani nimechangamka kwa saa mbili. Sikuwahi kujiuliza kama chungu huamka na homa. Mchuuzi mmoja aliyepita kutoka Chienge aliniuzia mizizi ya kuongeza nguvu. Niliichemsha, nikainywa, nikaharisha siku mbili. Kwa hiyo nikabaki na dawa moja tu, aibu. Nilikaa barazani mbele ya mzee aliyelala, nikasuka safu zangu kumi huku macho yanafumba, nikahesabu kwa sauti ili wasikie ndani. Nilijiona mwanamume. Yule pale amelala, nami hapa ninapambana.

Lazima nieleze fundo, maana bila fundo hamtaelewa. Ukipitisha sindano kwenye jicho la juu, unaubana uzi kwa kidole gumba, unauzungusha nyuma, unavuta. Kidole kikibana sawasawa, fundo linakaa. Kidole kikilegea kidogo tu wakati wa kuvuta, fundo linapinduka, linashika uzi mmoja badala ya mbili. Kwa macho huwezi kulitofautisha na zuri. Likiwa kavu linakaa kwa heshima zake zote. Likilowa na samaki akalivuta, linateleza kama kitanzi. Nyumba ile ililiita fundo la usingizi. Nilikuwa nimeambiwa habari zake siku ya kwanza kabisa, nikaitikia kama wanavyoitikia watu wanaojua kila kitu.

Jioni, mzee alikuwa anakuja kwenye wavu wangu uliotundikwa, anapitisha vidole juu yake polepole. Mahali fulani vidole vilisimama. Vikarudi nyuma. Vikaendelea. Nilidhani anashangaa.

"Tata, munaonaka namna gani?" nilimuuliza siku moja, nikimwita baba kwa neno la kwao, nikingoja kusifiwa.

"Minaona."

"Inafaa?"

"Mayi njo itasema," alijibu, akalionyesha ziwa kwa kidevu, akarudi kwenye mkeka wake.

Sasa najua kwamba desturi yao ilimkataza kusema. Wavu wa mkwe haukosolewi kabla ya kuingia majini, kwa sababu ukiukosoa umeusuka pamoja naye, na hapo hujui umemwoza binti yako kwa nani. Wakati ule niliona ni uvivu tena, uvivu uliofika hadi kwenye ulimi.

Nilimaliza kabla joto la mwaka halijaanza. Tukauchemsha wavu na magome ya mti hadi ukawa mwekundu kama udongo wa barabarani, tukaukausha, tukaufunga maboya na vizito. Tukautega jioni. Asubuhi tulitoka kwa mtumbwi, mimi na mzee, na ufukweni ndugu zake walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mke wangu alivaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa ameanza kufunga vyombo vyetu tangu juzi yake.

Vuta ya kwanza ilikuwa nzuri. Samaki wa ziwa lile wanaoitwa pale, wapana, wazito, wanang'aa, mmoja baada ya mwingine. Nilianza kuimba. Halafu likaja tundu ambalo mtoto angeweza kupenya. Halafu wavu mzuri tena. Halafu matundu, mafundo yameteleza yote, macho mengine yamefumba na mengine yamekuwa midomo. Halafu wavu mzuri. Mzee aliendelea kupiga kasia nyuma yangu, na mimi niliacha kuimba.

Ufukweni wakautandaza juu ya vichanja. Hapo ndipo nilipoiona aibu yangu kwa urefu wake wote. Wavu ulikuwa na mistari. Mzima, mbovu, mzima, mbovu, na mistari mibovu ilikuwa safu kumi kumi, kamili, kama nilivyozihesabu kwa sauti. Watu wa ziwani hawajui kusoma barua, lakini wavu wanausoma. Wakaanza kupita wakionyeshana kwa vidole.

"Hapa njo ile siku alikunywaka mizizi," mmoja akasema.

"Na hii? Hii ni kesho ya matanga. Tulilalaka wote, yeye anahesabu tu."

"Angalia, hapa homa ilianza mu katikati. Hii fundo iko, hii haiko."

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Siku zangu zote mbaya zilikuwa zimetandazwa juani, na kila mpita njia alikuwa na haki ya kuzishika. Mke wangu alisimama karibu na vichanja akazitaja mbili tatu yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma deni. Mama mkwe alikuwa mbali, ametupa mgongo kama desturi inavyotaka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kwa kicheko au kwa kilio, sikuweza kwenda kuangalia.

Niliwachukia wote. Nilimchukia zaidi mzee, kwa sababu peke yake hakucheka. Aliupitia wavu hadi mwisho, akaniita.

"Alor, mukwe. Utakata hizi safu zote za mubaya. Utasuka tena."

"Minasikia, Tata. Minapima mwezi moya tu." Kwa nguvu zangu, mwezi mmoja ulitosha kabisa.

"Me," akasema, ile lakini ya watu wa Kasenga, "iko kintu. Utasuka siku ya mubaya tu. Siku uko na nguvu, hapana kugusa wavu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza ni kwa nini. Nikamwambia siku za nguvu ndizo za kazi.

"Siku ya nguvu, kila mutu anajuaka kusuka. Hata kichaa. Ile siku nyingine njo binti yangu atakulaka nayo."

"Na nani atajua leo ni siku gani?"

"Bibi yako. Atasema asubui. Ukilamuka mubaya, safu moya. Hapana mbili."

Basi nikawa kichekesho cha Nchelenge yote. Mkwe aliyekatazwa kufanya kazi. Naamka nimejaa nguvu, vidole vinawasha, mke wangu ananitazama nilivyokula bukari yote, ugali wa kule, na kulamba sahani, anasema, "Leo uko muzima," na siku nzima wavu unaning'inia mbele yangu kama nyama mbele ya mbwa aliyefungwa. Nilikwenda kulima, nilikata nyasi za paa, nilibeba kuni za nyumba tatu. Wavuvi wakipita na baiskeli zao za samaki waliniamkia kwa kuniuliza, "Mukwe, leo hauna na bahati? Unajisikia muzuri?" Nami nilicheka nao huku nikiwatukana moyoni.

Kisha siku mbaya ikaja, ya kwanza. Nilikuwa nimeisahau ladha yake. Mke wangu aliniangalia nikiisukuma bukari pembeni, akaenda akamwambia baba yake. Mzee akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi barazani karibu naye. Nikaanza. Nilitaka kumaliza haraka nikalale, kwa hiyo nilisuka kama nilivyosuka zamani. Nilipofika mwisho akapitisha vidole, akachukua kisu, akakata safu nzima.

"Kesho kutwa, ama siku gani itakuya," akasema. Kwa siku ile haki yangu ilikuwa imekwisha.

Ilinichukua siku mbaya sita kupata safu moja ambayo hakuikata. Siwezi kueleza nilivyodharau mafunzo yale. Siku ya nguvu, vidole vinafikiri vyenyewe. Siku mbaya, vidole ni waongo, vinakuambia vimebana na havijabana, na huna budi kulitazama kila fundo kama unavyomtazama mtu anayekurudishia chenji. Fundo moja. Tazama. Vuta. Fundo jingine. Baada ya kumi, pumzika, na kupumzika kwenyewe ni kazi, kwa maana ukijiachia hutainuka. Nilimtazama mzee pembeni yangu kwa jicho la wizi, na ndivyo alivyokuwa anafanya kila siku: kumi, anasimama, anapumua, kumi. Nikajiambia ndio, mtu mzima aliyejifunza uvivu hadi akawa fundi wake, sasa anataka mwanafunzi. Nyani haoni kundule.

Mvua zikaanza. Kuta zangu Kabuta zikaanza kumomonyoka. Kaka yangu akaleta salamu kwamba kama sifiki kabla ya mwisho wa masika atampa mtu mwingine kiwanja, na hakuwa anatania. Nilikuwa na safu zaidi ya ishirini bado, na mwili wangu, wenye hila, ulikuwa umeanza kuwa na afya. Ninaamka mzima wiki nzima. Fikirini mtu anayeomba Mungu ampe homa.

Nikamwambia mke wangu adanganye.

"Sema leo sina nguvu. Mara moya tu. Kisha mara ingine."

Yeye ndiye aliyekuwa anataka kuondoka kuliko mimi. Alikuwa amechoka kulala katika kibanda ambacho mama yake anasikia kila tunalosema. Asubuhi yake akaenda, akasema nimeamka vibaya. Nikatoka nikiburuta miguu, nikajishika kichwa, nikaketi, nikasuka safu moja ya ajabu. Hakuna fundo lililopinduka hata moja. Nilichelewesha kwa makusudi ili ionekane ya mgonjwa.

Mzee akapitisha vidole. Akarudia. Akachukua kisu.

"Tata, iko na kosa gani?" nikapaza sauti.

"Haina kosa." Akakata. "Unavuta sana. Jicho linakuwa kidogo. Hii ni mukono ya mutu muzima."

Hakunigombeza. Alimgeukia binti yake aliyekuwa mlangoni, akamtazama tu, kisha akajilaza akaelekea ukutani. Mke wangu akaingia ndani. Nilimkuta ameketi juu ya vyombo vilivyofungwa tangu ile siku ya ufukweni.

"Mutu moya tu siyamudanganyaka mu maisha yangu," akaniambia, "na leo nilimudanganya juu yako. Tena hapana kuniomba."

Hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano niliamka na mifupa mizito, nikala nusu, na aliponitazama nilijua atasema kweli, na kwamba kweli ile ndiyo yote nitakayoipata. Nikaenda barazani. Nikasuka safu yangu. Haikukatwa.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda hadi mvua zikakaribia kuisha. Siku za nguvu nililima. Siku mbaya nilisuka safu moja. Uzuri wake, kama kuna uzuri, ni kwamba niliacha kuogopa kuamka vibaya. Nilijua kazi ya siku hiyo ni mafundo hamsini na hakuna anayeningoja mbele yake. Sikuhitaji chungu wala mizizi wala hamu. Hamu haijui kufunga fundo. Lakini nilichokipata nilikihesabu kuwa ni changu, nimekitoa kwenye akili yangu mwenyewe, licha ya yule mzee na kisu chake. Dharau niliyokuwa nayo kwake haikupungua hata uzi mmoja.

Wavu ukaingia majini mara ya pili. Ukarudi mzima, mzito, samaki wamejaa. Watu waliupitia kwenye vichanja wakitafuta mistari, hawakuiona, wakaenda zao wamenuna kidogo kwa kukosa kicheko.

Mama mkwe akapika. Kuku, pale wa kukaangwa, bukari nyeupe ya mihogo, na majani ya kisamvu yaliyotwangwa na karanga. Akatoka jikoni, akapiga magoti mbele yangu na birika, akanimwagia maji mikononi, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu uliokaa muda mrefu karibu na moshi. Desturi inataka mkwe aseme neno la kwanza, la shukrani, kisha yeye ajibu, na hapo mwiko umefunguka. Mzee alikuwa ameketi ameegemea ukuta, na sahani yake ameiweka pembeni.

Nilikuwa nimeshaliandaa neno langu, na niliandaa la kuchekesha. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka wacheke na mimi mara hii, badala ya kunicheka.

"Aksanti, Mama," nikasema. "Aksanti kwa chakula, aksanti kwa binti. Tata alinifundisha siku ya mubaya, kweli ameijua. Me yeye mwenyewe, siku yake ya nguvu miye siyaiona."

Nikacheka. Mke wangu hakucheka. Aliinamisha kichwa.

"Hata miye," mama mkwe akajibu, bila hasira, akiweka birika chini. "Ni mwaka wa saba."

Nikaendelea kutabasamu kidogo, kwa kutoelewa.

"Akiendaka nyuma ya nyumba, anakoyolaka damu," akasema. "Alirudiaka nayo toka Kasenga. Binti haiwezi kukuambia mambo ya baba yake ile, na yeye alinikatazaka. Ile safu moya ya asubui unaonaka, njo ile anawezaka. Kisha analala. Nyavu yote ya hii nyumba, ile ilimusomesha binti, ile ilimuvalisha, ile ulikulaka humu mwaka muzima, haina hata safu moya ya siku muzuri."

"Acha mutoto akule," mzee akasema kutoka ukutani.

Mama mkwe alikuwa na haki ya kusubiri jibu. Aliketi pale kwa magoti yake, ananitazama moja kwa moja, kama desturi sasa ilivyomruhusu. Mwaka mzima nilikatazwa kusema na mwanamke yule, na nilikuwa nimemhesabia maneno mengi siku nitakapofunguliwa. Sasa nilikuwa nimefunguliwa, maji bado yanadondoka mikononi mwangu, na sikuwa na hata neno moja la kumpa.